Mtihani wa kidato cha nne bila kukariri: kazi ya kuanzia Juni hadi Novemba

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika Novemba. Wanafunzi wengi wa Kigoma na Tabora huanza kuusomea kwa nguvu Septemba, matokeo ya mtihani wa utamilifu (mock) yakishabandikwa ukutani na roho zikishashtuka. Kuanzia hapo ni kukesha, kukusanya madesa na kukariri. Wengi wanaoanguka si wavivu hata kidogo. Walisoma sana, ila kwa namna inayompa mtu uhakika wa uongo. Notisi ukizipitia mara ya tano, kila mstari unaonekana unaujua, kumbe macho ndiyo yameuzoea. Msimamizi wa mtihani hatakuonyesha mistari akuulize kama unaitambua. Atakupa karatasi tupu.

Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni namna moja au nyingine ya kufunga daftari na kuandika.

Likizo ya Juni: jua unasimama wapi

Tenga kauntabuku moja iwe daftari la mada. Kila somo lipe kurasa mbili, uandike mada zote za kidato cha kwanza hadi cha nne. Orodha itoe kwenye muhtasari wa somo, ambao mwalimu wako anao. Usiitoe kwenye notisi zako mwenyewe, maana mada iliyofundishwa wiki ile ulipokuwa mgonjwa, au ile ambayo mwalimu hakuifikia, haimo humo, na mtihani hauna habari na hayo.

Mbele ya kila mada weka herufi moja: J kama unaweza kuandika nusu ukurasa bila kuangalia popote, N kama unaijua nusunusu, S kama hujui. Usiweke kwa kukisia. Chukua karatasi chakavu, jipe dakika 5 kwa mada, andika unachokijua, ndipo uweke herufi. Kwa masomo 8 kazi hii inakula siku tatu au nne za likizo, na inauma, kwa sababu mada za kidato cha pili ulizodhani umezimaliza ndizo zitakazojaa S.

Kisha piga hesabu ya madaraja. A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, F ina pointi 5, na zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Angalia masomo yako yanaelea wapi. Mwenye 41 kwenye Jiografia anahitaji alama 4 tu apate C. Mwenye 47 kwenye Kemia anahitaji 18 apate B. Faida ya pointi ni ileile moja. Hii haina maana uitupe Kemia. Maana yake ni kwamba vipindi vya ziada uvipeleke kwenye somo lililokaribia mpaka, badala ya kuvimalizia kwenye somo unalolipenda na ambalo tayari una A. Kwenye kosa hili wanaoteleza zaidi ni wanafunzi wazuri.

Ratiba inayofuata jua, ziwa na shamba

Ratiba nyingi hufa wiki ya pili kwa sababu zimeandikwa kama vile mwanafunzi hana nyumbani. Anza na vitu usivyoweza kuvihamisha, masomo yaingie kwenye nafasi zinazobaki.

Mwanga ni wa kwanza. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua lake huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Julai linazama saa 1 na dakika chache usiku, na asubuhi halichomozi mpaka saa 1 imepita. Novemba linazama dakika chache kabla ya saa 1. Tabora hutangulia kwa dakika kama 13. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayetegemea taa ya sola au tochi ya simu, ushauri wa "amka saa 10 alfajiri usome" ni ghali: mpaka Kigoma kupambazuke, taa imewaka karibu saa tatu nzima. Mwanga wa bure uko jioni. Ukifika nyumbani saa 10, una karibu saa tatu za kusoma uani bila taa. Kazi za nyumbani zisizohitaji macho, kama kupika na kuosha vyombo, zisogeze zikae gizani. Taa ya sola iweke juani asubuhi kabla ya kwenda shule, kioo kikitazama juu, mahali ambapo kivuli cha mwembe hakitaifikia saa 8 mchana.

Ziwa ni la pili. Kibirizi, Katonga na Ujiji, uvuvi wa dagaa wa taa hufuata mwezi. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani kila usiku, na asubuhi kuna kuanika na kugeuza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, watu wanapumzika, na kazi mwaloni inapungua kwa karibu wiki. Tazama mwezi kabla ya kupanga. Pepa nzima za saa 3, yaani karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na mada ngumu ziweke wiki ya mbalamwezi. Wiki za giza zibakizie marudio mafupi.

Shamba ni la tatu. Urambo, Kaliua na Sikonge, Juni na Julai kuna kupanga tumbaku na kupeleka marobota sokoni. Septemba na Oktoba kuna vitalu vya miche vinavyotaka maji asubuhi na jioni, kisha mvua za kwanza za Novemba zinakuja na kupandikiza, wiki zilezile za mtihani. Mambo haya yazungumzwe na wazazi mapema, Julai, watu wakiwa wametulia. Ombi la jumla kama "naomba muda wa kusoma" halisaidii. Ombi lenye saa linasikika: "Baba, shikamoo. Naomba vitalu nimwagilie mimi asubuhi zote, ila jioni za Jumatatu hadi Alhamisi nibaki na masomo mpaka saa 1. Jumamosi mchana niko shambani." Mzazi akiona umebeba sehemu yako, ni rahisi kukubali.

Sasa hesabu ya vipindi. Kipindi kiwe dakika 40, kama cha shuleni, na dakika 10 za kunyoosha miguu baada yake. Vipindi 3 kwa siku tano ni 15, ongeza 4 vya Jumamosi, jumla 19. Jumapili acha wazi, itakusaidia kufidia vilivyoliwa na msiba au mgeni. Kuanzia Julai mwanzoni hadi mwisho wa Oktoba kuna wiki kama 17, yaani vipindi 323, au takriban 40 kwa kila somo ukiwa na masomo 8. Anayeanza katikati ya Septemba ana wiki 6, vipindi 114, vinavyotoa 14 kwa somo. Vipindi 14 havitoshi hata kimoja kimoja kwa mada zote za Biolojia. Mtu wa namna hiyo hana njia ila kukariri vichwa vya habari.

Usiweke somo moja jioni nzima. Changanya: Hisabati, kisha Historia, kisha Fizikia. Somo likibadilika, akili inalazimika kujiuliza upya hili ni swali la aina gani, na kazi hiyohiyo ndiyo itakayofanywa chumba cha mtihani.

Kipindi kimoja, dakika kwa dakika

Dakika 5 za kwanza hufungui chochote. Unaandika kwenye karatasi chakavu unachokumbuka cha kipindi kilichopita cha somo hilo, hata kama ni maneno manne.

Dakika 15 zinazofuata unasoma sehemu ndogo, kurasa mbili au tatu, zisizidi hapo. Kabla ya kusoma, geuza vichwa vya habari viwe maswali matatu uyaandike juu ya ukurasa. Kichwa kikisema sababu za mmomonyoko wa udongo, swali ni: kwa nini mlima uliokatwa miti hupoteza udongo haraka kuliko wenye miti? Unasoma ukitafuta majibu.

Dakika 15 nyingine daftari limefungwa, tena limewekwa mbali mkono usipofika. Unajibu yale maswali kwa sentensi zako. Ukikwama, kaa na kukwama huko dakika 2 kabla ya kuchungulia. Hapo ndipo watu hukata tamaa, na hapo ndipo kujifunza kunafanyika. Jibu lililotafutwa kwa shida hukaa kichwani kuliko lililosomwa kwa raha.

Dakika 5 za mwisho unafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Wekundu ndio orodha ya kazi ya kipindi kijacho.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio linaloeleza vizuri kwa nini njia hii inaonekana mbovu mwanzoni. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari na kuirudia kuisoma. Jingine lilisoma, kisha likajitahidi kuikumbuka bila kuiangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo ukitoka kwenye kipindi cha namna hii ukihisi hujui kitu, huku jirani yako aliyekariri anatiririka kama redio, subiri Jumatatu ijayo.

Yanayoharibu kipindi ni machache na yanajulikana. Kunakili notisi kwa mwandiko mzuri na kalamu za rangi: mkono unafanya kazi, kichwa kimelala. Kupaka hailaita mpaka ukurasa mzima uwe wa njano. Na kusoma kwa sauti mstari kwa mstari, jambo ambalo hujaza darasa la prepo kelele na kumwacha kila mmoja na wimbo asioujua maana.

Marudio na bahasha tatu

Mada uliyoisoma leo itaanza kupotea kesho. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hili kwa kujipima mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885: kusahau huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Dawa ni kurudia kabla haijapotea yote, na kila ukirudia, nafasi ya marudio yanayofuata inapanuka. Rudia baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Mada ya tarehe 6 Julai iandikie pembeni 7, 9, 13, 27 kwenye daftari la mada, na ukate tarehe kila ukimaliza. Rudio moja ni dakika 10 tu, nalo ni la kuandika bila kuangalia. Kupitia kwa macho hakuhesabiki.

Kwa vitu vifupi tengeneza kadi. Nunua karatasi moja ya manila, ikunje katikati mara tano, ikate kwenye mikunjo: unapata kadi 32. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu, swali moja tu kwa kadi. Weka bahasha tatu. Ya kwanza inafunguliwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu kila Jumamosi. Kadi mpya huanzia bahasha ya kwanza. Ukiipatia inapanda, ukiikosa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Baada ya mwezi utaona bahasha ya kwanza ina kadi chache sugu, na hizo ndizo za kubeba mfukoni kwenye foleni ya maji.

Kadi zinafaa kwa fasili, fomula, alama za elementi, tarehe, msamiati. Hazifai kwa insha wala kwa kukokotoa. Mtu mwenye kadi 200 za Hisabati amejitafutia kazi ya bure.

Pepa

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka kwenye tovuti yake karatasi za miaka iliyopita, fomati za mitihani, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Watu wengi hupakua karatasi, wakaishia hapo. Zile taarifa za uchambuzi zina thamani kubwa zaidi, nazo ndizo zinazodharauliwa. Zinachukua swali moja moja, zinaeleza lilikuwa linapima nini na walioshindwa walichanganya nini, kisha zinaonyesha jibu zuri na jibu bovu yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe. Ukisoma majibu mabovu kumi utaanza kuona la kwako humo. Ukiwa huna bando la kutosha, changeni watu wanne, pakueni mara moja, mkatoe nakala kwenye steshenari.

Julai na Agosti tumia pepa kwa mada: ukimaliza mada, tafuta maswali yake ya miaka kama mitano, uyajibu. Kuanzia Septemba fanya pepa nzima moja kila Jumamosi, kwa muda wa saa 3 kamili, simu ikiwa chumba kingine. Karatasi mbili za miaka ya karibuni kabisa usiziguse mpaka Oktoba, ziwe kipimo cha kweli.

Kusahihisha kufanyike kesho yake, au mbadilishane na mwenzako. Kila alama iliyopotea iandike kwenye daftari la makosa, uipe sababu moja kati ya nne: sikujua, nilijua nikasahau, sikuelewa swali, uzembe. Dawa zake hazifanani. Asiyejua arudi kitabuni, aliyesahau aongeze marudio, asiyeelewa swali ana tatizo la lugha, na mzembe anahitaji utaratibu wa kuhakiki. Wote wanne wakiambiwa "soma kwa bidii" tu, watatu hawatapona.

Tazama mfano mdogo wa Hisabati. Swali: tafuta jumla ya hatua 20 za kwanza za mfululizo 3, 7, 11, … Hatua ya kwanza ni 3, tofauti ni 4. Jumla ni nusu ya 20, mara (2 × 3 + 19 × 4), yaani 10 × 82 = 820. Aliyekariri fomula bila kuielewa mara nyingi huweka 20 mahali pa 19 na kupata 860. Asiandike "nilikosea hesabu" kwenye daftari la makosa, maana maneno hayo hayamfundishi kitu. Aandike: "Hatua 20 zina mapengo 19." Kisha ajaribu kwa hatua 3 tu, 3 + 7 + 11 = 21, aone kama fomula yake inatoa 21. Kujaribu fomula kwa namba ndogo kunachukua nusu dakika na kumeokoa alama nyingi.

Kwa upande wa muda, karatasi ya Hisabati ya miaka ya karibuni ina maswali 14, yote ya lazima: 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10. Ukitoa dakika 10 kwa kila swali la alama 6 na dakika 18 kwa kila la alama 10, umetumia 172 kati ya 180. Zinabaki 8 za kuhakiki. Swali likikulia dakika 12 bila dalili, acha nafasi, songa mbele. Pitia pia maelekezo ya ukurasa wa kwanza ujue kinachoruhusiwa, majedwali au kikokotoo, na ufanye mazoezi yako yote hivyohivyo tangu Julai.

Kuhusu kubashiri mada, ile ya "mwaka huu lazima itoke hii, ile ilitoka mwaka jana": maswali ya kuchagua na kuoanisha ya sehemu ya kwanza hugusa mada nyingi kwa mpigo, kwa hiyo kila mada uliyoiruka inakugharimu hata kama ubashiri wako wa insha umepatia. Na mara nyingi haupatii.

Masomo ya maelezo

Hoja kumi zilizokaririwa kwa mpangilio zina ubaya mmoja: ukisahau ya tatu, zilizobaki zinasambaratika. Zipange kwa makundi, na kila kundi lishikize kwenye kitu unachokiona. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukijiuliza Mjerumani alikuwa anataka kubeba nini kutoka bara na kuleta nini, hoja za uchumi wa kikoloni zinajitokeza zenyewe: malighafi kwenda pwani, bidhaa za viwandani kuja, nguvukazi kusafirishwa, askari kufika haraka. Kwenye Jiografia, swali la kutofautisha maziwa lifanye kwa Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. La kwanza ni refu, jembamba, lenye kina kinachofika karibu mita 1,470, kwa sababu limekaa kwenye bonde lililopasuka na kudidimia. La pili ni pana na la kina kifupi, kwa sababu ardhi yake ilibonyea tu kati ya matawi mawili ya bonde la ufa. Mwanafunzi aliyesimama pale Ujiji akaona milima ya Kongo ng'ambo ana mchoro wa swali mbele yake.

Insha iandikiwe mpango wa dakika 5 kabla ya kuanza: hoja kwa neno moja moja, mfano mmoja kwa kila hoja. Hoja bila mfano ni nusu jibu. Na soma kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha. "Eleza" inataka sababu. "Tofautisha" inataka kila hoja iguse pande zote mbili. Ukieleza upande mmoja ukurasa mzima, kisha wa pili, unamlazimisha msahihishaji atafute tofauti mwenyewe, na hana muda huo.

Kiingereza, pale panapowauma wengi

Ukiondoa somo la Kiswahili, karibu kila karatasi inakuja kwa Kiingereza, na hapa ndipo kukariri kunapozaliwa: mtu hakuielewa sentensi, hivyo anaimeza nzima. Fanya kwa hatua mbili. Kwanza elewa kwa Kiswahili. Mwelezee mdogo wako kwa nini maharage yaliyolowekwa usiku yamevimba asubuhi, mpaka ajibu "ah, kumbe". Kisha funga kitabu, andika jambo hilohilo kwa Kiingereza kwa sentensi tatu fupi zenye kiima, kitenzi na kitendwa, basi. Sentensi fupi sahihi hupata alama kuliko ndefu iliyopotea njiani. Mwalimu wa Kiingereza akikusahihishia aya mbili kwa wiki, inatosha.

Vitenzi vya maswali vya Kiingereza havizidi ishirini. Viwekee kadi, uvimalize mwezi wa kwanza.

Diskasheni

Watu watatu hadi watano, saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Kila mmoja aje na swali moja alilokwisha kulijibu kwa maandishi, asimame ubaoni alieleze bila daftari, wengine wamuulize "kwa nini". Kikundi cha watu kumi ni mkutano. Na kile ambacho mjuzi mmoja anasolvu huku wengine wananakili kinamnufaisha mjuzi peke yake, maana ndiye pekee anayefanya kazi. Mkiona hivyo, mnyang'anyeni chaki.

Masomo ya sayansi ya vitendo hayasomeki kwenye karatasi. Muombeni mwalimu wa maabara muda wa kushika vifaa kabla ya Oktoba, foleni haijawa ndefu.

Kuhusu makundi ya WhatsApp yanayouza "pepa zilizovuja": nyingi ni karatasi za zamani zilizobadilishwa mwaka, na anayekutwa na udanganyifu NECTA humfutia matokeo. Jitoe kwenye hayo makundi Septemba.

Wiki mbili za mwisho

Usifungue mada mpya yenye S. Ingekuwa na faida Agosti. Sasa itakula muda wa N tano ambazo zingeweza kuwa J. Fanya kazi na daftari la makosa, bahasha ya kwanza na mipango ya insha, na pepa nzima isizidi moja kila baada ya siku mbili. Lala kwa muda wa kama saa 8, kwa kuwa usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha ulichosoma mchana. Aliyekesha ana kurasa nyingi zaidi machoni na chache zaidi kichwani. Kama una mazoea ya kulala saa 7 usiku, anza kurudisha nyuma nusu saa kila siku mbili, usisubiri usiku wa kuamkia mtihani, maana hutalala.

Nakili ratiba ya mtihani kwa mkono, tarehe, somo, asubuhi au mchana, uibandike ukutani, nakala nyingine apewe mzazi ili ajue siku zipi hakuna shamba. Andaa kalamu tatu za wino wa bluu au mweusi, zote za aina uliyoizoea, penseli ya kuchorea, rula, kifutio, seti ya jometri. Wa mbali na shule, hasa vijiji vya Uvinza, Uyui na Kaliua, tafuteni mapema ndugu wa kulala kwake karibu na kituo. Novemba mvua zimeanza, na barabara ya vumbi iliyopitika Oktoba huenda isipitike.

Ukiwa ndani, andika namba ya mtihani kwenye kila ukurasa kabla ya kujibu chochote. Soma karatasi nzima dakika 5, weka alama kwenye maswali ya insha utakayochagua, anza na unaloliweza ili mkono uache kutetemeka. Swali lililokwama acha nusu ukurasa wazi, urudi.

Karatasi ikiisha, ondoka pale mlangoni wanapolinganisha majibu. Ukigundua umekosa namba 7 hutairudisha, ila utaingia nayo kwenye karatasi ya mchana. Kunywa maji, kula kitu chepesi, toa kadi za somo linalofuata, kama thelathini hivi, uzipitie mara moja. Dakika 20 kabla ya kuingia ziweke kwenye begi, begi likae nje.